Kisigino cha Herufi ya Mwisho

3 Oktoba

Daftari hili si langu. Upande wa mbele ni wa Baba, kwa hiyo nimeligeuza juu chini na kuanzia nyuma ili nisizichafue kurasa zake. Amenikabidhi leo asubuhi pamoja na brashi zake saba, akasema mkono umemshinda. Nikamwambia mkono utarudi. Akaniambia nisimfanye mtoto.

Basi kuanzia leo kibanda cha Igogo ni changu, mimi Mboni binti Nurdin, mwandika mabango na majina ya boti, miaka arobaini na moja, mume sina, hasira ninazo. Baba hakuwa akiandika habari humu, alichora viatu tu. Mimi nitaandika, maana nisipoyatoa mahali nitagombana na wateja.

Nieleze viatu ni nini. Herufi zetu ni nene. Nguzo ya herufi ina upana wa vidole vitatu vya Baba, na pale inapozunguka, kama kwenye tumbo la B, inakonda hadi kidole kimoja kisha inanenepa tena. Juu na chini kila nguzo inakanyaga kibao kifupi, bapa, chenye ncha kali pande zote mbili. Hicho ndicho kiatu. Herufi isiyo nacho Baba anaiita peku. Boti ikiwa inayumba majini, herufi peku zinamchezea mtazamaji, lakini viatu vinashika mstari na jina linasomeka toka mbali. Tena chini ndipo tunapoweka rangi nzito zaidi. Jua na maji vikila tumbo la herufi, kiatu kinabaki.

Na kila boti ina kiatu chake. Kwenye herufi ya mwisho ya jina, kiatu cha kulia, Baba hukata kisigino, yaani ncha ya nje, kwa namna ambayo hajapata kuikata kwenye boti nyingine. Kisha anarudi nyumbani, anakichora humu, anaandika jina la boti na tarehe. Sababu yake mwalo mzima, hapa ufukweni boti zinapotia nanga, unaijua. Kabla sijaanza shule aliletewa kipande cha ubao kilichotupwa ufukweni, chenye kiatu kimoja tu, na akina mama wa nyumba tatu wakasimama mbele yake wakingoja aseme ni boti ya nani. Hakuweza, kwa sababu wakati ule viatu vyake vyote vilikuwa sawa.

5 Oktoba

Joto. Nimeandika BUCHA kwa rangi nyekundu. Mwenye bucha akataka na ng'ombe. Nimemchorea, na bahati mbaya ng'ombe amefanana na mwenye bucha.

9 Oktoba

Revocatus wa stika amepita akitokea mjini, ameng'aa kama bwana harusi. Anasema herufi zetu ni nzito mno, watu siku hizi wanataka nyepesi. Akanionyesha kazi yake kwenye simu, zote peku, nyembamba kana kwamba zimetoka kuugua. Akasifu kwamba kompyuta inatoa jina moja mara elfu na hakuna tofauti hata ya unywele.

"Hiyo ndiyo kasoro yake," Baba akasema toka kwenye benchi.

Revocatus akacheka. Ana adabu, lazima niseme, ila suruali inambana.

14 Oktoba

Khalidi amekuja. Ni mtoto wa shangazi yangu, Bi Fadhila, na boti yake ina jina la mama yake. Niliiandika na Baba miaka minne iliyopita: BI FADHILA, na chini nambari ya usajili, 4176. Inabeba dagaa na mizigo ya maduka kati ya hapa na visiwani. Nahodha wake ni Chenge.

Alileta mkate na sukari, nikajua ana jambo. Akamsalimia Baba, "Shikamoo Mjomba," akakaa naye kidogo, kisha akaniita nyuma ya kibanda.

"Dada Mboni, nimepata boti nyingine. Imetumika, lakini nzima. Iko upande wa pili wa mawe ya ufukweni."

"Hongera. Jina?"

"Jina lilelile. Na nambari ileile." Akasema haraka kabla sijafungua mdomo. "Usajili unachukua muda, dada, na mzigo wa vuli haunisubiri. Mpaka Januari tu. Nikipata nambari yake nakuita unaifuta hii."

Nikamwambia aende kwa Revocatus akabandike stika.

"Wakiona stika kwenye boti yangu watauliza. Wakiona viatu vyenu hawaulizi."

Nilichukia, maana alisema kweli. Nikamkatalia. Ameondoka bila kukasirika, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

15 Oktoba

Amerudi. Leo hakuomba. Ameniuliza tu kama nazikumbuka zile siku kumi na moja hospitalini.

Nazikumbuka. Machi Baba alipoanguka nilikuwa nimelala na malaria, siwezi hata kukaa. Khalidi ndiye aliyembeba mgongoni hadi barabarani. Ndiye aliyemwogesha na kumlisha uji kwa kijiko siku zote kumi na moja. Wapwa wangapi wanaweza kumwogesha mjomba wao?

Nimekubali. Sina raha.

16 Oktoba

Nimeiandika. Nilivuka mawe na ndoo yangu asubuhi mapema. Boti ni kuukuu, imepakwa bluu juu ya kijani juu ya nyeupe, na msasa ulipopita nikaona mbao mbili zimeungwa vibaya. Nahodha wake ni Machibya, mume wa Modesta anayekaanga mihogo jirani na kibanda changu. Modesta hajui kwamba boti ni mbili. Anajua mumewe amepata kazi kwenye Bi Fadhila, basi.

"Usimwambie, shemeji," Machibya alisema. "Atanikataza kupanda."

Alinishikia ncha ya uzi wa chaki nilipopiga mstari. Mtu mwema yule, ila hanyamazi.

"Kwa hiyo mimi ni kivuli cha Chenge."

"Nyamaza nishike mstari."

"Nikizama, si watamlilia Chenge?" Akacheka mpaka uzi ukatikisika.

Nikamwambia azame kwanza tuone.

Nilikusudia kunakili kila kitu. Kisigino cha Bi Fadhila ya Chenge kimekatwa mshazari, mkato mmoja kuelekea ndani. Nilipofika kwenye A ya mwisho, mkono ukakataa. Sijawahi kuzipa boti mbili kisigino kimoja. Nikaacha mapengo mawili madogo, kama meno ya panya, na kutoka hatua kumi hakuna mtu angeyaona. Nilipofika nyumbani nikafungua upande wa Baba, nikayachora, nikaandika Bi Fadhila na tarehe ya leo. Kama mjinga. Mwizi gani anaandika risiti?

17 Oktoba

Mihogo ya Modesta ilikuwa na chumvi nyingi. Sikumwambia.

20 Oktoba

Baba hulifungua daftari hili kila alasiri, kama wenzake wanavyofungua gazeti. Macho yake ni mazima, ni mkono tu. Leo amekaa nalo muda mrefu, kisha akaniuliza, "Bi Fadhila anavaa viatu jozi ngapi?"

Akalifunga, akalisukuma kwangu kwa kiwiko.

21 Oktoba

Hajanisemesha.

22 Oktoba

Hajanisemesha.

23 Oktoba

Ameniomba chumvi.

26 Oktoba

Mvua ya kwanza. Ilishuka kutoka kwenye mawe ya juu ikaingia kibandani bila hodi, ikachukua kopo la rangi nyeupe na ndara yangu ya kushoto. Modesta amekimbia na karai lake la mafuta ya moto mikononi huku akipiga kelele. Tumecheka sana. Kisha akaniambia Machibya yuko ziwani tangu jana na mimi kicheko kikaniishia.

2 Novemba

Nimekuwa mpelelezi. Kila ikiingia Bi Fadhila nanyanyuka kuangalia kisigino. Kila mara ni mshazari, ni Chenge. Ile nyingine inapakia na kushusha upande wa pili wa mawe, na Khalidi anahakikisha hazikutani hapa; Modesta ameambiwa mumewe hushuka huko na mzigo. Leo imepita mbali kidogo, imezama na mzigo hadi mstari wa chini wa nambari. Machibya alisimama akanipungia kofia.

Mvua kila alasiri. Rangi haikauki.

8 Novemba

Modesta ameniletea chai, akakaa.

"Boti ya Khalidi inakunywa maji siku hizi. Machibya anasema wanachota njia nzima. Si mliipiga rangi juzijuzi?"

"Rangi haizibi tundu," nikasema, na sauti yangu ikatoka kali. Akanitazama. Nikamwomba radhi, nikasema kichwa kinaniuma.

Nimempigia Khalidi. Anasema Jumamosi ataipandisha nchi kavu wazibe kwa pamba. Nikamuuliza Jumamosi ipi. Akasema, "Dada, na wewe!"

9 Novemba

Leo ni Jumamosi. Nimevuka mawe kwenda kuangalia. Boti haipo, imekwenda kupakia.

12 Novemba

Saa tisa alasiri mbingu upande wa visiwa iligeuka nyeusi, na upepo ukaja kabla ya mvua. Bango la duka la dawa nililoliandika mwezi uliopita limeng'oka na misumari yake. Boti zilizokuwa zimefungwa zilikuwa zikigongana. Dhoruba imechukua saa nzima na nusu.

Chenge yuko ziwani. Machibya yuko ziwani. Modesta amesimama chini ya turubai langu akiwa ameshika kijiko cha kugeuzia mihogo, na moto ulishazimika zamani.

"Boti ile si nzuri?" ameniuliza. "Wewe si ulizishika mbao zake?"

Nikamwambia ni nzuri. Nilikuwa nafikiria ya Chenge niliposema hivyo, ndivyo nilivyojidanganya.

13 Novemba

Naandika haya jioni, jua bado lipo.

Saa mbili asubuhi Bi Fadhila imeingia. Mwalo wote ukapiga vigelegele. Nilikimbia hadi majini nikaangalia kisigino. Mshazari. Chenge akashuka, hakutazama mtu. Ofisa Rebeka wa ofisi ya vyombo vya majini, msichana mwembamba mwenye koti la mvua linalomzidi, aliandika kwenye karatasi yake: 4176, imefika salama, watu watano. Kisha akasema kwa sauti kwamba boti zote zilizoandikishwa zimerudi, hakuna iliyopotea, tumshukuru Mungu.

Modesta akauliza mume wake yuko wapi. Khalidi akajibu upesi: Machibya ameshuka kisiwani kusimamia mzigo wa dagaa, huko mtandao hamna, atarudi keshokutwa. Chenge alikuwa amesimama palepale. Akainama kufunga kamba iliyokwisha fungwa.

Nikamvuta Khalidi kando. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Iko wapi?"

"Sijui. Nimetuma watu wawili wanatafuta kimyakimya. Dada, nakuomba. Labda wamejificha kisiwa chochote, upepo ulikuwa mkali, watu wanajificha. Nikisema sasa, nimekwisha. Na wewe umekwisha. Na Mjomba je? Jina lake?"

Nilijiambia, wanatafuta.

Saa saba mchana akaja Mzee Kashindye, mwenyekiti wa mwalo, na nyuma yake watu kama ishirini. Alibeba ubao. Wanawake wanaoanika dagaa waliukuta umetupwa kati ya mawe. Urefu wake kama mkono wangu, umepasuka kwa juu, kwa hiyo herufi zilikuwa zimekatika kiunoni. Vilikuwepo viatu tu, safu ya viatu vyeusi kwenye ubao wa bluu. Akauweka kwenye meza yangu, juu ya magazeti, akavua kofia.

"Mayu, mama yangu," akasema, "wewe na baba yako ndio mnaojua mambo haya. Ebu uangalie. Ni wa nani?"

Sikuhitaji kuangalia. Kiatu cha mwisho, kulia, kilikuwa na meno mawili ya panya. Rangi yake bado iling'aa, haikuwa na hata mwezi.

Khalidi alikuwa mlangoni. "Huo ni ubao wa zamani," akasema. "Niliubadilisha Julai, fundi akautupa majini. Si unaona, Dada?"

Baba alikuwa kwenye benchi lake. Modesta alikuwa pembeni ya meza, mikono yake imejaa unga wa muhogo, ananitazama mimi tu, hatazami ubao.

Nikasema, "Umeliwa sana. Sijui."

Mzee Kashindye akanitafuta macho, mimi nikatazama magazeti. Kisha akasema kama ni hivyo basi, na Bi Fadhila yenyewe si hii hapa imefika, tushukuru. Watu wakatawanyika. Modesta akapumua kwa nguvu, akanishika bega, akaacha alama ya vidole vitano vya unga kwenye dera langu. Alama bado ipo. Sijaweza kuipangusa.

Khalidi amerudi saa kumi kutaka daftari. Anataka ukurasa wa 16 Oktoba. Nimemwambia silioni. Nilikuwa nimelikalia.

14 Novemba, asubuhi

Baba ameniita baada ya sala ya alfajiri, mara ya kwanza kuniita kwa jina tangu Oktoba.

"Mboni. Kisigino kile nilikiona jana."

Nikamuuliza, "Kwa nini hukusema?"

"Nilikungoja wewe." Akatazama mkono wake wa kulia uliokuwa ukitetemeka juu ya paja. "Huo ni uongo. Sikusema kwa sababu Khalidi aliniogesha."

Sijawahi kuona haya kubwa namna ile, ya kwangu na ya kuiona yake. Watu watano wako majini, hakuna anayewatafuta kwa kuwa karatasi inasema wamefika, na sisi wawili tunakaa ndani tunapima wema wa ndugu.

Akachukua fimbo yake, akavaa kanzu juu ya shati la kulalia, akaanza kutoka mlangoni. Nikamwambia akae, nitakwenda mwenyewe. Natoka sasa. Daftari naenda nalo lote, na kurasa hizi za nyuma zimo. Sitachana kitu.

22 Novemba

Daftari limerudi leo. Ofisa Rebeka amelitoa nakala kurasa zote, za mbele na za nyuma, akaniomba radhi kwa doa la chai. Nilitamani anitukane.

Niandike yaliyotokea, kwa mpangilio, kisha nisiyaandike tena.

Nilifika ofisini kabla hawajafungua. Nikamwekea daftari mezani, nikafungua ukurasa wa Baba, nikamwonyesha Bi Fadhila mbili na visigino viwili. Nikamwambia, "Niliiandika mimi. Nilijua ni makosa. Jana mchana niliujua ubao nikasema siujui." Hakupoteza muda kunihukumu. Alipiga simu tatu akiwa amesimama, na kabla ya saa nne boti ya doria ilikwisha ondoka. Khalidi akaitwa. Alipoona daftari akakaa chini sakafuni, akasema mwenyewe njia waliyopita na mzigo waliobeba. Watu wake wawili walikuwa wametafuta upande mwingine kabisa.

Waliwaona saa kumi jioni. Boti ilikuwa imepinduka, imeelea tumbo juu. Watu watatu walikuwa hai juu yake, midomo imepasuka. Wa nne alichukuliwa na maji siku ya dhoruba na hajaonekana mpaka leo. Anaitwa Ngosha, ni kijana wa kisiwani, mama yake yuko hai. Wa tano alikuwa Machibya. Walikuwa wamemfunga kwa kamba kwenye ubavu wa boti asiteleze, ingawa alikuwa amekwisha fariki.

Wale watatu wamesimulia. Tarehe kumi na tatu mchana kutwa Machibya alikuwa akiongea. Aliwaambia watatafutwa, kwa sababu viatu vya Mboni havifi, ubao mmoja ukifika nchi kavu watu watajua. Alisema hivyo mara nyingi. Amekata roho tarehe kumi na nne, jua likichomoza.

Jua likichomoza nilikuwa nimekaa na Baba tukiongea mambo ya kuogeshwa. Na ile saa saba ya tarehe kumi na tatu, ubao ulipokuwa mezani kwangu, alikuwa hai.

24 Novemba

Mvua. Shangazi Fadhila amepita mbele ya kibanda, hakunisalimia. Simlaumu. Khalidi bado yuko ndani, mahabusu.

27 Novemba

Nimehojiwa tena. Kesi itakapoanza nitaitwa. Mpaka hapo nimezuiwa kuandika nambari za boti. Revocatus ndiye anayebandika sasa. Amekuja kuniomba nimfundishe habari ya visigino, aone kama kompyuta yake inaweza kukata kila boti kivyake. Ameleta na soda. Nilimdharau bure yule mtu. Baba amemfundisha, mimi nilikuwa nimegeukia ukutani.

30 Novemba

Modesta amerudi kutoka Bujora, kwao Machibya, walikomzika. Amewasha moto wa mihogo. Hatujasalimiana. Ni hatua tisa kutoka jiko lake hadi meza yangu.

1 Desemba

Hatua tisa.

2 Desemba

Hatua tisa. Nimeandika ZAHANATI kwa mteja, nikasahau shingo ya N, yaani ule mstari mwembamba wa katikati, zikabaki nguzo mbili. Nimefuta yote nikaanza upya.

4 Desemba

Amekuja. Alikuwa amebeba msalaba wa mninga kifuani kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala, fundi amekwisha uchonga na kuupiga msasa. Pale kaburini kuna kijiti tu kilichoandikwa kwa kalamu, na mvua imekwisha kifuta.

Akaulaza juu ya meza yangu, mahali palepale.

"Jina," akasema. "Halafu siku aliyozaliwa. Halafu siku aliyofariki."

Nilikuwa nimejiandaa tangu atoke kijijini, na bado maneno yalitoka ovyo. "Modesta, kabla sijashika brashi. Ule ubao. Tarehe kumi na tatu. Nilikijua kisigino palepale. Ulikuwa umesimama hapo ulipo. Nilijua nikasema sijui."

Hakulia. Alifuta mikono kwenye kanga yake, kidole kimoja kimoja.

"Najua," akasema. "Mzee Kashindye aliniambia siku ya mazishi kwamba ulikwepa macho. Na Ofisa Rebeka akanisomea ulichoandika, niliomba mwenyewe. Nimejua mpaka la chumvi kwenye mihogo."

"Kwa nini basi umekuja kwangu? Revocatus yuko."

"Sitaki stika. Alikuwa anazipenda herufi zako." Akaugusa msalaba. "Na ile tarehe nataka uiandike wewe. Mtu mwingine ataandika tu nambari. Wewe utajua unaandika nini."

Nikamwambia nitafanya. Nikamwambia naomba anisamehe.

"Leo sijaja kwa hilo," akasema. "Iandike nene. Usiikondeshe."

6 Desemba

Hakukuwa na mvua tangu asubuhi. Modesta aliacha jiko lake, akaja kukaa kwenye benchi la Baba. Baba akasimama kunishikia ncha ya uzi wa chaki. Mkono wake ulitetemesha uzi, mstari ukapinda, tukaufuta, tukapiga tena, ukapinda. Mara ya tatu Modesta akanyanyuka, akauweka mkono wake juu ya mkono wa Baba, wakashika pamoja, na mstari ukanyooka.

Nikaanza na MACHIBYA. Nyeusi juu ya mninga, nguzo vidole vitatu. Nilipofika kwenye A ya mwisho nikamtazama Modesta, naye akaelewa.

"Kata ileile," akasema. Nikaacha mapengo mawili.

Mwaka wa kuzaliwa ulikwenda vizuri. Kisha tarehe ya kufariki. Moja ina nguzo moja na kiatu kimoja kipana, ni nambari rahisi kuliko zote, na ilinichukua muda mrefu kuliko jina lote. Ningeweza kuandika tatu baada yake, kana kwamba alikwisha kufa ubao ulipofika kwangu. Mkono uliitaka tatu, matumbo mawili ya mviringo, naijua hata nikifumba macho. Nikaandika nne. Nikaijaza rangi, nikaivisha kiatu, nikarudia kiatu mara ya pili ili kiwe kizito.

14 NOVEMBA.

Baba alinifundisha kwamba kazi haijaisha mpaka uiangalie toka mbali. Nikautegemeza msalaba kwenye ukuta wa kibanda, nikaweka brashi kwenye tapentaini, nikavuka barabara hadi upande wa pili ambako mafundi wa pikipiki wanakaa, nikageuka. Modesta alikuwa amesimama kando yake, ananitazama, anangoja nimwambie.

Inasomeka.